Mama yangu hali senene. Nani mwingine ana mzazi aliyekimbia vita vya Kagera?

MamaWawili, Segerea
Jumamosi, saa 4:12 usiku

Habari za usiku wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie, nina jambo limenikaba tangu jana.

Jana jioni nilikwenda stendi ya Mbezi Luis kuchukua mzigo uliokuja na basi la Bukoba. Mjomba wangu hunitumia kila Novemba kisado cha senene, wale panzi wa kuliwa wa kwetu, waliokwisha kukaangwa, kimefungwa kwa jani la mgomba halafu mfuko wa nailoni juu yake, na juu ya mfuko ameandika namba yangu ya simu kwa kalamu nene utadhani ni jeneza la mtu. Njiani ndani ya daladala harufu ilitoka. Kijana mmoja akaniambia, "Dada, huo mzigo unanukia nyumbani." Nikamjua hapo hapo, nikafungua kidogo nikamtilia mkononi. Tumeshuka tumekuwa ndugu.

Kufika nyumbani watoto wakanirukia. Mama yangu, ambaye nakaa naye tangu miguu ilipoanza kumsumbua, akafanya vile anavyofanya kila mwaka. Akainuka, akachukua kigoda chake, akatoka nje akakaa karibu na tenki la maji mpaka tukamaliza kula. Hakasiriki, hasemi neno. Hurudi ndani vyombo vikishaoshwa.

Miaka yote nilijua ni mwiko. Kwa wasiojua, zamani kwetu Uhayani mwanamke hakuruhusiwa kula senene. Awakusanye yeye, awanyonyoe mabawa na miguu yeye, awakaange yeye, wale wanaume. Mjamzito aliambiwa akila atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene. Waliotunga hilo walikuwa wanajua wanachokilinda, tuyaache. Lakini nyanya yangu mzaa baba, mtu wa enzi za Mwingereza, alikula senene hadharani na kulamba vidole. Mama yangu, mdogo kwake kwa miaka zaidi ya thelathini, eti ndiye anashika mwiko? Hesabu hiyo sikuwahi kuipiga hadi jana.

Kilichonifanya niipige ni daftari la binti yangu. Yuko darasa la saba, alikuwa na zoezi la historia, aeleze sababu na matokeo ya vita vya Kagera. Akaandika kama alivyofundishwa: Amin kuvamia Oktoba 1978, kutangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini mwa mto Kagera ni ya Uganda, daraja la Kyaka kuvunjwa tarehe 3 Novemba, majeshi yetu kuingia Kampala Aprili 1979, uchumi kuyumba. Yuko sawa kabisa. Alikuwa anasoma kwa sauti, bibi yake anachambua mchele pembeni. Alipofika mwisho bibi akauliza:

"Na sisi tuko namba ngapi?"

Mtoto hakuelewa. "Ninyi akina nani, bibi?" Mama akapuliza makapi, akaendelea na mchele wake.

Ninachokijua mimi kinaenea kiganjani. Alikuwa na miaka 14. Kwao ni Kassambya, upande wa pili wa mto. Walikimbia, wakavuka usiku kwa mtumbwi, na mwenye mtumbwi akachukua kanga za bibi mzaa mama. Hiyo ya kanga ndiyo huisema kila mara, na huisema kwa hasira ya leo asubuhi. Mengine hasemi. Halafu usiku huo huo nikampigia mjomba kumshukuru kwa mzigo, na katika maongezi akateleza akasema "tulipokuwa watano". Wakuu, mimi nimekua nikijua wapo wanne.

Naomba wenye wazazi au bibi na babu waliopitia hayo waniambie, kwenu wanasimulia? Na mimi nimuulize mama, au nimwache na kigoda chake?

—

Mzee wa Keko
Jumamosi, saa 5:03 usiku

Mwanangu, umenigusa. Mimi mwaka 1978 nilikuwa kijana, kibarua hapa Dar, tumepanga watu watatu chumba kimoja Keko. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alipohutubia pale Diamond Jubilee tulikuwa tumezunguka redio ya jirani, uwanja mzima umejaa watu. Yale maneno ya uwezo, sababu na nia kila mtu anayajua, hata waliozaliwa juzi. Sisi tuliyasikia yakitoka moto. Tulipiga kelele mpaka mwenye redio akaogopa tutaiangusha.

Tukaambiwa tufunge mikanda miezi kumi na minane. Tukafunga. Miezi ikaisha, mikanda ikabaki. Foleni kwenye duka la kaya, sabuni hakuna, mke wangu akifulia majani ya mpapai. Ukiniuliza vita vya Kagera, mimi nitakusimulia foleni, na nitakusimulia vizuri.

Lakini hili la mama yako limenikumbusha mtu. Kazini tulikuwa na karani mmoja wa huko kwenu, mtu mpole, shati jeupe kila siku. Kila saa ya chakula alikuwa anakwenda posta kuuliza kama kuna simu ya maandishi kutoka nyumbani. Sisi akirudi tunamtania, "Vipi, mmeshampiga nduli?" Kama vile yeye ndiye kamanda. Anacheka. Desemba yote alikwenda posta. Hakuna aliyemuuliza anatafuta nani. Hata mimi. Leo ndiyo mara ya kwanza najiuliza, na sijui aliko.

—

KobeMwendo
Jumapili, saa 1:20 asubuhi

Wakuu tuwe wakweli. Vita vya mwaka 78 leo ni vya nini? Kila mtu ana babu yake aliyekimbia kitu. Mwisho wa siku mtaomba fidia. Mwache bibi wa watu apumzike, senene mle ninyi.

—

Bunazi71
Jumapili, saa 2:45 asubuhi

KobeMwendo, fidia hakuna aliyetaja ila wewe.

MamaWawili, shikamoo yangu mfikishie mama. Mimi nimezaliwa Bunazi, vita vimekuja nikiwa na miaka saba, sasa niko Mbagala nauza vifaa vya ujenzi. Kwetu husimuliwa sana, ila husimulia baba, na baba husimulia ng'ombe. Walikuwa kumi na wanne. Anawataja kwa majina, rangi na pembe. Wote wakaswagwa kwenda upande wa Uganda. Ukimsikiliza baba utadhani vita vilipiganwa kwa ajili ya ng'ombe wake na JWTZ ilikwenda Kampala kuwafuata.

Mimi mwenyewe nakumbuka vitu vya kitoto. Nakumbuka mbwa wetu alitufuata mpaka mafunjoni na mama akawa anamtupia udongo arudi. Nakumbuka kiu, huku tumekaa kando ya mto mzima, kwa sababu tulikatazwa kusogea majini mchana tusionekane.

Kurudi ndiko nakumbuka vizuri zaidi. Tulirudi 1979, siku hizo mkoa ulikuwa unaacha kuitwa Ziwa Magharibi unaitwa Kagera. Nyumba ilikuwa imesimama kuta tu. Mabati wameng'oa. Milango wameng'oa pamoja na fremu. Mpaka bawaba! Baba alisimama penye mlango, akainama kidogo kama alivyokuwa anainama siku zote kwa sababu alikuwa mrefu kuliko ule mlango, akaingia. Hapakuwa na kitu cha kumgonga kichwa, lakini aliinama. Mimi leo nauza bawaba, na kila nikimhesabia mteja bawaba tatu za mlango nakumbuka.

Sasa kuhusu mtumbwi nina neno. Nadhani namjua mwenye mtumbwi anayesemwa. Alikuwa mzee wa chini ya Kyaka, penye mafunjo mengi. Baba anasema alivusha watu usiku kucha bila kuchukua hata senti. Kwetu anatajwa kama mtakatifu. Hiyo ya kanga, pole, lakini mama labda amechanganya.

—

BintiNewala
Jumapili, saa 10:30 jioni

Mimi si wa Kagera. Bibi yangu alivuka Ruvuma kutoka upande wa Mueda, vita ya Mreno ilipoanza 1964 na miaka iliyofuata. Wengi wa ukoo waliishia kambini Rutamba, Lindi, yeye akabaki Newala, na baadaye wachongaji wa ukoo wakaja hapa Mwenge. Kwa hiyo mto nimelelewa nao, ingawa si huo wenu.

Nilikosea sana na bibi, nakuambia ili usikosee. Nilimwekea kiti sebuleni, nikashika simu mbele ya uso wake, nikamwambia "bibi tusimulie vita". Akanipa hotuba. Mreno alikuwa mbaya, FRELIMO wakatukomboa, Nyerere akatupokea, Mungu ambariki. Dakika nne, basi. Maneno ya mkutano wa hadhara, na kila neno ni kweli, ila bibi yangu hayumo.

Mwaka mzima baadaye tunatwanga, nikamuuliza tu kwa umbea, "Hivi mlipofika upande huu, siku ya kwanza mlipikia wapi?" Alizungumza mpaka giza likaingia. Kinu walichoazima. Mwenye kinu alivyowahesabia muda. Mahindi mabichi waliyotafuna kwa sababu waliona aibu kuazima moto. Vita haikutajwa hata mara moja.

Kwa hiyo usimuulize vita. Muulize sufuria. Na uwe unafanya kazi naye, mikono ikiwa bize macho hayana haja ya kutazamana. Na simu, mwambie kwamba umeiwasha. Usimwibie. Mimi nilimwibia, akajua, ikanigharimu miezi.

Ukiona amenyamaza usijaze kimya kwa swali lingine. Acha kimya kiwe chake.

—

Muuguzi Mstaafu
Jumapili, saa 3:15 usiku

Nakubaliana na Binti hapo juu, naongeza moja la kikazi. Nimefanya kazi wodi za wazee miaka mingi. Mama yako ana njia yake tayari, anatoka nje na kigoda. Hiyo ni dawa yake na imemfaa miaka arobaini na kitu. Ukimfungua kidonda uwe na muda wa kukaa naye jioni hiyo, na kesho yake. Usimuulize Jumapili saa kumi na moja halafu saa kumi na mbili unakwenda kwenye vikoba.

Na KobeMwendo, mwanangu, nimekaa Ngara mwaka 1994 watu wa Rwanda walipovuka Rusumo, watu kama robo milioni kwa muda wa siku moja hivi. Yule mwenye kumbukumbu ya ajabu kuliko wote alikuwa mama mmoja ambaye kwa wiki nzima alikuwa akiulizia alikoacha ufagio. Watu wanashika wanachoweza kushika.

—

KobeMwendo
Jumapili, saa 3:40 usiku

Sawa mama, nimesikia. Shikamoo.

—

MamaWawili, Segerea
Jumatatu, wiki mbili baadaye, saa 4:50 usiku

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya.

Jana asubuhi nilikwenda soko la Mabibo nikarudi na mkungu wa ndizi Bukoba, mkubwa kuliko mahitaji yetu, makusudi. Vikoba nilikuwa nimeaga. Tukakaa nje mimi na mama, beseni katikati, kila mtu na kisu chake. Nikamwambia, "Mama, naiwasha simu inarekodi, ukitaka niizime sema." Akaitazama kama anavyomtazama kuku wa jirani akikanyaga jikoni, akaendelea kumenya. Nikachukulia ni ruhusa.

Nikamuuliza, mlipofika mlikofika, mlipikia nini?

"Chungu cha wenyewe," akasema. Halafu akasimulia. Nayaweka hapa kwa ruhusa yake, isipokuwa mambo mawili aliyosema nisiyaweke.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 30 Oktoba. Mizinga ilipoanza babu alisema ni askari wetu wanafanya mazoezi. Akaendelea kupalilia migomba. Alisema hivyo mpaka jirani alipopita barabarani na godoro kichwani, na nyuma yake mwingine na mlango. Mama anasema alicheka kumwona mtu anakimbia na mlango. Bibi akaingia ndani akatoka na jembe, blanketi moja, maharage aliyoweza kubeba, na kanga mpya zilizonunuliwa kwa pesa ya kahawa, hazijafuliwa hata mara moja. Watoto walikuwa watano. Wa mwisho alikuwa wa kiume, miaka mitatu, na mama ndiye aliyembeba mgongoni kwa sababu bibi alibeba maharage.

Wakalala mafunjoni, mchana hawatoki. Usiku wa tatu ndiyo wakavuka. Mvua ilikuwa inanyesha na mtumbwi unaingia maji, watoto wanayachota kwa viganja. Hapo kanga zikatajwa kwa kirefu, nimezikata kidogo.

Baada ya mto walitembea siku nyingi kuelekea upande wa Kamachumu, ambako babu alikuwa na mtu aliyewahi kufanya naye kazi. Mtu mwenyewe hawakumkuta. Wakapokelewa na jirani yake, mzee na mkewe, watu wasiowajua kabisa. Wakapewa jiko walale. Mama anasisitiza, na ameniambia niandike hili: walikuwa watu wema. Hawakuwanyima chakula hata siku moja. Lakini babu, ambaye kwake alikuwa na kibanja na vibarua wa kuvuna kahawa, akawa anaamka alfajiri kumlimia mwenyeji kabla hajaambiwa, ili asije akaambiwa. Hilo mama alilisema akiwa ameangalia ndizi.

Halafu senene wakaanguka. Wahaya mnajua inavyokuwa: alfajiri, nyasi zimejaa, mtaa mzima unatoka na madebe na mifuko, kelele, watoto wanakimbia kwa furaha. Mama alikuwa usingizini jikoni. Akasikia miguu inakimbia na watu wanapiga kelele gizani. Akamnyakua mdogo wake akamtupa mgongoni akatoka mbio, hajui anakwenda wapi, mpaka wakamshika mbali barabarani. Walimcheka kijiji kizima. Anasema hata yeye alicheka, baadaye. Wale watoto wa mwenyeji, sasa wazee wenzake, wakikutana msibani bado wanamwita "mkimbizi wa senene".

Usiku ule wakapewa madebe mawili ya kunyonyoa. Ni kazi ya watoto na wanawake, na wao walikuwa wageni, wangekataaje? Mdogo wake alikuwa anakohoa tangu mtoni. Bibi alikuwa amempakata karibu na moto, mama anang'oa mabawa, miguu, mabawa, miguu. Kikohozi kikaacha. Mama akadhani amelala. Alipoinua kichwa akamwona bibi anamfunika uso kwa lile blanketi.

Akataka kuinuka. Bibi akamwambia polepole, ili wenyeji chumba cha pili wasiamke, "Maliza hao kwanza. Ni wa watu."

Akawamaliza. Anasema vidole vilikuwa vinanata mafuta ya senene na hapakuwa na maji ya kunawa, akaogopa kumshika mtoto na vidole vile.

Nilinyamaza, BintiNewala. Ilikuwa ngumu. Simu inaonyesha dakika sita za visu tu na honi ya bajaji.

Kisha mwenyewe akaniambia kuhusu kaburi. Kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba yake, na walio hai wanampita wakienda kukata ndizi. Huyu akazikwa pembeni ya kibanja cha watu. Mwenyeji alitoa sehemu bila kuombwa, na akachimba mwenyewe kwa mkono wake. Vita vilipoisha babu alikwenda mara moja kuona kama anaweza kumhamishia Kassambya. Akarudi jioni, akanawa miguu, akala, hakusema kitu mpaka alipokufa. Wenyeji nao wameshafariki, wanawe wamegawana kibanja, na mmoja ameuza kipande chake. Kama ni kipande hicho au siyo, mama hajui.

Nikamuuliza mbona hukutuambia. Akasema, "Mngeacha kula." Kisha akaniuliza kama ndizi nimezitia chumvi.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu, sikumwona. Usiku alifungua daftari akaongeza mstari chini ya matokeo ya vita, namba saba: "Watu walilala kwa watu." Leo limerudi limesahihishwa. Namba saba ina alama ya kuuliza ya wino mwekundu. Simlaumu mwalimu, ana watoto wengi sana darasani na mtihani una majibu yake. Binti ameniuliza aifute au aiache. Nimemwambia amuulize mwenye mstari.

—

Mzee wa Keko
Jumatatu, saa 5:30 usiku

Mwanangu nimesoma mara mbili. Sina la kusema. Kila Julai 25 naangalia kwenye televisheni ile ngao na mkuki vinavyowekwa kwenye mnara wa mashujaa, na huwa nasimama hapa sebuleni peke yangu. Mwakani nitasimama nikimkumbuka na huyo mtoto. Na yule karani wetu.

—

BintiNewala
Jumanne, saa 12:50 asubuhi

Ihifadhi hiyo sauti mahali zaidi ya pamoja. Simu za Dar zinaporwa kwenye dirisha la daladala. Mpe na mjomba nakala. Halafu mjomba naye umuulize kivyake, bila kumsomea alichosema mama. Hazitalingana, na usijaribu kuzilinganisha.

—

Bunazi71
Jumanne, saa 2:10 asubuhi

Pole sana dada, na pole kwa mama.

Nimempigia baba jana baada ya kusoma. Ana miaka 84 lakini akili iko vizuri. Nimemwambia habari ya kanga. Amekasirika kweli. Anasema yule mzee hakuchukua kitu cha mtu, aliwavusha wao na watoto wote, na ndama mmoja waliyekuwa wameokoa aliogelea nyuma ya mtumbwi ameshikwa kamba, na mzee hakudai chochote. Anasema watu wasimchafue marehemu. Nimekuandikia kama alivyosema, usichukie.

—

MamaWawili, Segerea
Jumanne, saa 1:35 usiku

Sijachukia hata kidogo. Nimemsomea mama ujumbe wako neno kwa neno, alikuwa anapaka miguu dawa. Akauliza, "Wao walivuka usiku upi?"

—

Bunazi71
Jumanne, saa 1:58 usiku

Baba anasema ule ule wa kwanza. Jumatatu.

—

MamaWawili, Segerea
Jumanne, saa 2:20 usiku

Nimemwambia. Akakaa kidogo akasema, "Basi ni sawa. Usiku wa kwanza alibeba bure. Wa pili pia nasikia alibeba bure. Sisi tulikuja wa tatu, alikuwa hajalala siku tatu na mkewe alikuwa upande wa pili hana nguo."

Mimi hiyo ya mkewe ndiyo naisikia leo, miaka yote hii! Nikamwambia, mama, sasa mbona ulikuwa unamsema vile? Akasema kwani uongo, si alizichukua?

Anaomba umuulize baba kama yule mzee alikuwa na kidole kimoja cha mkono wa kulia kimekatika. Kama ndiyo, basi ni yeye, waitu, na zilikuwa doti mbili, siyo moja.